Mnayaua magari kwa bei ya Paris! Nimechoka na wakomisionere (madalali) na wenye parseli (viwanja) wa Lubumbashi

Ndugu zangu, Alhamisi iliyopita wamelikata. Lile Peugeot 504 coupé, gari la michezo la zamani la milango miwili, la kijani, lililokuwa chini ya mwembe, upande wa Bel-Air. Sentinele (mlinzi) wa pale alinipigia simu saa moja na nusu asubuhi: "Yaya, kuya mbio, beko banaikata." Yaani: kaka, njoo mbio, wanalikata. Nilipanda pikipiki bila hata kunywa chai. Nilipofika, paa lilikuwa limeshashuka chini, vijana wawili wanapiga patasi kwa nyundo kwenye nguzo ya kioo cha mbele, na mlango wa dereva ungali umesimama peke yake, kioo chake kimepandishwa hadi juu, kizima.

Watu wa mitraye, wale wa vyuma chakavu, wamelinunua kwa kilo. Mwenye parseli amepokea dola 190 kwa gari zima, injini ikiwa ndani. Mimi mwenyewe, miaka miwili iliyopita, nilisimama kwenye baraza yake na dola 2,500, noti nzuri zisizo na tundu wala mkunjo, nikazihesabu mbele ya macho yake. Akazitazama, akatoa simu, akanionyesha picha ya coupé nyekundu inayong'aa, inauzwa Ufaransa. Akasema: "Unaona hii? Elfu ishirini. Wewe nitakuachia kwa elfu tisa kwa sababu ni mtoto wa hapa."

Ile ya kwenye simu ina sakafu. Ya kwake, ukikanyaga upande wa abiria mguu unafika kwenye majani. Ile ina vioo vyote, pampu yake inafanya kazi, imelala chini ya paa maisha yake yote, na mwenyewe ana risiti ya kila alichokibadilisha. Huwezi kuchukua bei ya kitu kilichomalizwa ukaibandika kwenye kitu ambacho hakijaanzwa! Kazi yote iliyo hapo katikati, ya tolie (fundi wa bodi), ya rangi, ya injini, ya viti, ndiyo hizo elfu ishirini zenyewe. Nilimweleza hivyo kwa heshima, maana ni mzee wa umri wa baba yangu. Nilirudi mara sita. Niliwahi kumpelekea turubai nimfunikie gari bure, mvua isiendelee kulila. Alikataa, akasema nikilifunika watu watadhani nimeshalinunua.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Wote mnaijua mvua yetu, ikifungua Novemba inakaa hadi karibu na Aprili. Majani ya mwembe yanajaa pale chini ya kioo cha mbele, yanaoza, yanashika maji wiki nzima, na maji yanatafuta njia ya kushuka kwenye sakafu. Kutoka hapo yanaingia sehemu ya chini ya milango, kwenye chuma kinachobeba gari. Mara ya kwanza nilipolikagua nilibonyeza pale kwa bisibisi, ikagoma. Mwaka jana bisibisi ileile ilizama hadi kwenye mpini. Nilimwita mzee aje aone. Alisema chuma ni chuma.

Nataka wanaonisoma waelewe kwa nini nimelifuata gari hili na si jingine. Watu wengi wakisikia gari la michezo la zamani wanawaza Porsche, wanawaza Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Hizo siku hizi si za mtu wa mshahara. 504 coupé ni nyingine kabisa. Bodi yake ilichorwa na kutengenezwa Italia, kwa Pininfarina, tangu 1969 hadi 1983. Lakini chini ya hiyo bodi ya kupendeza, ile ya silinda nne ina moyo wa 504 ya kawaida, ile sedani ambayo baba zetu walipandia kwenda Likasi na Kolwezi. Injini ya sentimita za ujazo 1,971, giaboksi, breki, sehemu kubwa ya vya chini, vyote ni vya ukoo ule. Nigeria walikuwa wakiunganisha 504 kiwandani Kaduna. Bara hili limejaa vipuri vyake, na limejaa wazee wanaoweza kuifungua injini ile macho yamefumbwa. Yenye injini ya V6, ya silinda sita, ilishinda Safari mwaka 1978, Jean-Pierre Nicolas akiwa usukanini, kwenye matope na vumbi kama ya kwetu. Hili ni gari ambalo mtu wa hapa, mwenye kazi ya kawaida na subira, anaweza kulifufua. Ndiyo maana inaniuma.

Kisichopatikana ni bodi. Kioo, bampa, taa, milango, hakuna hata kimoja kinachotoka kwenye sedani. Ziliundwa coupé elfu ishirini na kitu tu kwa miaka yote ile. Kwa hiyo kila ganda linalokatwa kwa patasi limeondoka na vioo vyake na milango yake, na huyo anayefufua lingine Kipushi au Kolwezi hatavipata tena popote karibu.

Na haya yaliyobaki huku yalikuja lini? Yaliachwa. Wabelgiji, Wagiriki, wahandisi wa migodi, wengine waliondoka na zairianisasyon ya 1973, serikali ilipotwaa biashara za wageni, wengine na uporaji wa 1991. Hakuna meli itakayotuletea mengine.

Sasa niwageukie wakomisionere, maana hasira yangu ya pili ni yao.

Baada ya yule mzee kunikatalia, nilianza kutafuta kwa njia ya hawa madalali. Kwanza, pesa ya kuona. Dola 20 kabla hujaonyeshwa hata barabara. "Ni ya kufungulia mulango, yaya." Nimelipa mlango mara nne. Mara moja nilifunguliwa nikakuta 504 sedani, milango minne, ananiambia coupé ni jina tu. Mara nyingine picha aliyonitumia ilikuwa na mchikichi na bahari nyuma yake. Nilimuuliza bahari hii iko Katuba ipi, maana Katuba ni mtaa wa hapa mjini na hapa hakuna bahari. Akaniambia gari lipo, mpiga picha ndiye aliyesafiri. Nilidai dola zangu 20 hadi leo sijaziona.

Lakini ya mwezi wa sita ndiyo iliyonitoa machozi. Nyeusi, imepigwa rangi upya, inawaka. "Yaya, motokari iko ya muzuri, inabakia kuosha tu. Ya mwaka 1972." Dola 4,800. Nilikuwa tayari, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshakopa. Nikaanza na taa. Coupé za kabla ya 1974 zina taa za mbele mbilimbili kila upande, zimetengana, na nyuma zina taa tatu tatu zilizolala kwa mshazari. Hii ilikuwa na kioo kimoja kipana kila upande mbele, na nyuma taa zimeunganishwa. Si ya 1972 hiyo. Sawa, labda mtu alibadilisha, nikanyamaza.

Nikatoa sumaku yangu, ninaifunga ndani ya kitambaa nisikwaruze rangi ya mtu. Kwenye boneti ikashika. Kwenye paa ikashika. Nikaishusha polepole chini ya mlango wa kushoto, ikaanguka kwenye vumbi. Nikaiokota nikajaribu tena kiganja kimoja mbele, ikaanguka. Kutoka gurudumu hadi gurudumu, mastiki tupu, ile lipu ya kujazia bodi iliyooza, sumaku haiishiki. Nikagonga kwa kidole: inatoa sauti ya boga.

Nikaomba jeki. Dalali hataki, anasema mwenyewe ana haraka. Nikalala chini hivyo hivyo, na shati la kazini. Coupé ya kweli, magurudumu yake ya nyuma kila moja linapanda na kushuka peke yake. Hii nilikuta chini yake ekseli nzima ya pikapu, imara, na springi zake za bapa za kubebea mizigo, vimechomelewa kwenye kile chuma kilichooza, na uchomeleaji wenyewe unameguka ukiugusa. Gari la namna hiyo ukiliendesha barabara ya Likasi na familia, likipiga shimo moja tu nyuma inang'oka. Na yule mtu alikuwa anaangalia saa akinitaka nitoe pesa!

Huo si ujanja wa biashara, ni kutaka kuua mtu. Nimeshamwambia usoni na ninaandika tena hapa.

Mafundi nao. Siwasemi wote. Yuko mzee mmoja Kamalondo ambaye akisikiliza 504 inavyonguruma anakuambia ni valvu ya silinda ipi. Lakini vijana wengi wamekulia kwenye Toyota za usukani wa kulia zinazopanda kutoka Dar es Salaam kupitia Zambia, na chochote kisicho Toyota dawa yake kwao ni moja: "Tutoe hii, tuweke ya Toyota." Coupé ya silinda nne ina pampu ya Kugelfischer inayopuliza petroli kwenye injini, ya kimakanika mwanzo mwisho, haina kompyuta ndani. Ikikaa kavu miaka mingi inaganda. Inataka kuloweshwa, kufunguliwa taratibu, kusafishwa. Wao wanaing'oa siku ya kwanza, wanaitupa kwenye pipa la vyuma, wanafunga kabureta ya sedani, na wakishindwa kuirekebisha ndipo hadithi ya Toyota inaanza. Kabureta siipingi, watu wametembea nayo miaka. Ninachopinga ni kutupa pampu ya watu! Itie kwenye mfuko, mpe mwenye gari, ni mali yake.

Wenye parseli, nawaomba, na naomba kwa uchungu. Kama una gari la namna hii chini ya mti na hutaki kuliuza, basi ni haki yako, ila liinue juu ya matofali, lifunike, ondoa majani pale mbele. Kama unataka kuliuza, bei yake itokane na lilivyo leo asubuhi, siyo na lile la kwenye simu. Na kama umeamua kuwaita watu wa mitraye, tafadhali tuite kwanza sisi, hata siku moja kabla. Dola 190! Ningempa mara mbili yake hata kwa ganda lililooza, nichukue vioo na milango.

Halafu karte roze, ile karatasi ya umiliki wa gari. Usiuze gari la marehemu kabla ndugu zako hawajakubaliana. Nimeshatoa dhamana, yaani malipo ya awali, mara moja, wiki iliyofuata akaja kaka mkubwa kutoka Kolwezi akasema gari ni la baba yao wote. Dhamana ilirudi nusu.

Nyongeza, Jumapili jioni: Nimesoma majibu yenu. Wanaosema "agiza Ulaya uachane na watu hawa", nimepiga hesabu hiyo zamani. Gari lishuke Dar es Salaam, lipande juu ya lori hadi Tunduma, livuke Zambia nzima, lifike Kasumbalesa, hapo forodha, halafu kilomita 90 hivi hadi mjini. Usafiri na ushuru vinalizidi gari lenyewe, na gari bado bovu. Anayesema nitafute Karmann Ghia, gari jingine la michezo la zamani, kwa sababu chini ni Volkswagen ya kobe, wazo ni zuri, kama unajua iliko niandikie.

Aliyeniandikia kwamba ninamdharau mzee wa watu: hapana. Niliongea naye Alhamisi ile ile. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anatazama vijana wakipakia kwenye mkokoteni. Aliniambia alilinunua mwaka ambao mtoto wake wa kwanza alizaliwa. Alingoja elfu tisa kwa sababu mtu mwenye simu, komisionere mmoja, alimwambia itakuja, asishuke hata dola moja. Huyo mtu hakurudi. Ada ya shule ya mjukuu ilipofika, wakaitwa wa mitraye.

Nilichookoa: mlango wa dereva na kioo chake, taa mbili za nyuma, usukani, na saa ya kwenye dashibodi. Niliwalipa wale vijana dola 60. Vimelala chumbani kwangu, nimevifunga kwa blanketi. Anayefufua coupé ya baada ya 1974 na anahitaji taa za nyuma, njoo tuongee, sitakulangua. Na aliye na ganda Likasi, Kipushi, Kolwezi, hata kama halina injini, nitakuja mwenyewe na sumaku yangu na turubai, nikiwa na pesa mkononi. Pesa ya mlango sitoi tena.