Mmeonyesha msichana aliyekataa, mkaficha alikoishia

Wadau, naandika nikiwa na hasira, na hasira hiyo nimekaa nayo siku tatu bila kupungua. Admin, tafadhali usiuhamishe uzi huu kwenye jukwaa la burudani eti kwa sababu unataja filamu. Hili ni jambo la riadha, na linawahusu wasichana ambao kesho alfajiri watakuwa uwanjani wakikimbia.

Jumamosi nilikwenda Eldoret kuangalia ile filamu iliyotengenezwa na vijana wanaojitegemea, inayomhusu msichana mkimbiaji wa mita 3000 kuruka viunzi na maji anayeitwa na nchi ya Ghuba abadilishe uraia. Jina la filamu silitaji, wala mwelekezi simtaji. Anajijua, na najua anasoma humu. Nililipa shilingi 500 mlangoni, ingawa tulikuwa tumeahidiwa kwamba wanariadha wa Iten wataiona kwanza, bure, hukuhuku Iten. Hilo nimelisamehe. Nililokuja kusema ni lingine.

Kwa ambao hawajaiona: msichana ana miaka 17. Meneja anakuja na mkataba. Mama analia, kocha anasema bendera haina bei. Asubuhi msichana anasimama ukingoni juu ya Bonde la Kerio, anachana mkataba, vipande vinapeperuka, muziki unapanda. Yanatokea maandishi: miaka miwili baadaye. Yuko Olimpiki na jezi ya Kenya, anashinda dhahabu, anashuka uwanja wa ndege anapewa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa tunayowapokea nayo washindi. Imeisha. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mimi nilishindwa kusimama.

Maana yule msichana ni mimi.

Vijana wale walikuja kwangu mwaka juzi. Walikuwa wanne na gari la kukodi, wanyenyekevu, wananiita kocha. Waliniomba nimfundishe mwigizaji wao kuruka kiunzi cha maji, na nilimfundisha wiki mbili bila kudai hata senti. Jioni tatu walikaa jikoni kwangu, wakanywa chai, wakanirekodi. Niliwaeleza yote. Nikawaeleza jinsi mkataba ulivyokuja ukiwa kurasa nne ndani ya bahasha ya kaki, jinsi baba alivyouweka chini ya redio usiku kucha kana kwamba ungetoroka, na jinsi asubuhi alivyoniambia, "Mimi siwezi kukuchagulia, lakini nikifa nataka uzikwe jirani na mimi." Sentensi hiyo imo kwenye filamu, neno kwa neno, wamempa mama aiseme. Bahasha imo. Redio imo.

Sikuchana kitu. Niliukunja mkataba vilevile ulivyokuwa, nikaurudisha ndani ya bahasha yake, nikampelekea meneja. Alinitazama tu akasema, "Sawa, mama," na mimi nilikuwa na miaka 21.

Mwaka uliofuata nilikimbia mchujo wa timu ya taifa pale uwanja wa Nyayo, Nairobi. Kwenye ruka la mwisho la maji mguu wangu wa kulia ulitua pale penye kina, si kwenye mteremko. Ukitua pale maji yanakushika kama mtu amekukamata kifundo. Nilitoka nikiwa wa nne, nikamaliza wa nne. Walichukua watatu. Jioni nilipanda matatu ya kurudi Eldoret, viatu vikiwa vimelowa ndani ya mfuko wa karatasi ambao ulipasuka kabla hatujafika Nakuru. Nilivishika mkononi njia yote. Hakuna aliyenisubiri na kibuyu. Nilitarajia kuajiriwa polisi au magereza, lakini huko nako wanataka matokeo, na wa nne si matokeo. Mwaka uliofuata goti likakataa. Basi.

Hayo niliwaeleza jioni ya tatu. Msichana wa kamera alilia. Mwelekezi akanishika mkono akasema, "Kocha, hii ndiyo filamu." Halafu wakaenda wakatengeneza nyingine.

Mnisikilize vizuri. Sisemi filamu ingemwonyesha anakubali. Nasema mmemchukua mtu aliyekataa, mkamlipa dhahabu. Mmewaambia wasichana wote waliokuwa mle ukumbini kwamba ukikataa, nchi itakulipa. Anayekataa na kushindwa hayumo kabisa kwenye filamu yenu, na ndiye aliyejaa huku. Tembea Iten asubuhi uhesabu. Yuko anayekamua ng'ombe, yuko anayeuza mboga stendi, yuko anayefulia wageni wanaokuja kufanya mazoezi kwenye mwinuko. Wengine walikimbia muda ambao katika nchi nyingi duniani ungewapa bango la barabarani.

Hesabu yenyewe ni rahisi na haikuwagharimu bajeti. Olimpiki nchi inapeleka watu 3 kwa kila mbio. Watatu. Katika mbio hizi za viunzi, wanaume wa Kenya walichukua kila dhahabu ya Olimpiki kuanzia 1984 hadi 2016. Sasa fikiria wewe ni wa tano katika nchi hiyo. Unaweza kuwa wa tano duniani na bado ukaangalia Olimpiki kwenye runinga ya jirani. Hapo ndipo mtu wa bahasha anapopita. Tamaa haihitajiki, na kukosa mapenzi kwa bendera hakuhusiki. Mlango una upana wa watu watatu, na nje yake kuna mia. Katika filamu nzima, dakika 94, neno "tatu" halitajwi hata mara moja.

Halafu yule msichana wa pili, rafiki yake, aliyekubali. Mmemfanya nini? Mmemweka kwenye nyumba kubwa tupu, amevaa hijabu isiyomkaa, analia mbele ya dirisha, kisha anaanguka kwenye maji siku ya fainali. Ukumbi ulicheka alipoanguka. Walicheka!

Rafiki yangu aliyekubali yupo, na hii nayo niliwaeleza. Alimjengea mama yake nyumba ya mawe. Wadogo zake wanne walisoma kwa miguu yake. Na baba yake alipofariki hakuweza kuja, kwa hiyo nilisimama kaburini mimi, simu nimeielekeza chini ili asikie udongo ukishuka. Alikaa kwenye laini mpaka mwisho, hakusema neno. Mambo yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja, nyumba ya mawe na ile simu. Hiyo ndiyo bei. Nyinyi mkaona heri aanguke majini watu wacheke.

Na kama mlitaka kisa kikubwa, vipo vya hadharani ambavyo kila mtu huku anavijua. Stephen Cherono wa Keiyo, mkimbiaji wa mbio hizihizi za viunzi, aliondoka 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar. Mwaka uleule akashinda dhahabu ya dunia Paris mbele ya Ezekiel Kemboi, na kaka yake mwenyewe, Abraham, alikuwa kwenye fainali hiyohiyo na jezi ya Kenya. Kaka mwingine, Christopher Kosgei, alikuwa ameshinda dhahabu hiyo kwa Kenya 1999. Familia moja, bendera mbili. Olimpiki ya Athens 2004 Shaheen hakukimbia kwa sababu Kenya ilikataa kumpunguzia muda wa kusubiri anaowekewa mwanariadha akibadilisha nchi, na Wakenya wakachukua nafasi zote tatu. Wiki chache baadaye akaenda Brussels akaweka rekodi ya dunia, 7:53.63, iliyodumu mpaka 2023. Olimpiki hakuwahi kukimbia maishani mwake. Niambieni ni nani aliyeshinda hapo na nani aliyeshindwa. Mimi nimekaa na swali hilo miaka yote hii.

Au Leonard Mucheru, Mkenya aliyekuwa Mushir Salem Jawher wa Bahrain. Januari 2007 alikwenda kukimbia marathoni ya Tiberias kule Israeli, akashinda, na Bahrain ikamvua uraia kwa sababu ya mbio hizo. Hicho ndicho kitu cha kumwambia binti wa miaka 17 kabla hajasaini: kwamba karatasi unayopewa kwa miguu yako inaweza kuchukuliwa kwa sababu ya miguu yako hiyohiyo. Kwenye filamu hakuna anayemwambia.

Upande wa pili uko vilevile. Rio 2016 Ruth Jebet, mzaliwa wa Kenya, alichukua dhahabu ya Olimpiki ya viunzi vya wanawake kwa Bahrain, Hyvin Kiyeng wetu akawa wa pili. Jebet baadaye alifungiwa miaka 4 kwa dawa za kusisimua misuli, na hilo silifichi. Paris 2024 Winfred Yavi, binti wa Ukambani, akaipa Bahrain dhahabu ileile kwa rekodi ya Olimpiki, Faith Cherotich wetu akiwa wa tatu. Siku ile nilikuwa hotelini Iten, watu wamejaa. Wazee walinyamaza Yavi alipopita mstari, lakini wasichana wa kambi walipiga kelele za furaha. Niliwatazama wale wasichana nikajua kabisa wanachokiwaza.

Sasa suala la umri, maana hapa ndipo mlipofanya kosa la hatari. Meneja wenu anamwambia mtoto wa miaka 17, "Saini leo, mwakani uko Olimpiki." Filamu inalichukulia neno hilo kama kweli, hata kocha halipingi. Shirikisho la riadha la dunia lilisimamisha uhamisho wote Februari 2017, na lilipofungua tena 2018 likaweka sheria: hakuna kuhamia nchi nyingine kabla ya miaka 20, na kuna kusubiri miaka 3. Msichana wa miaka 17 anayeambiwa mwakani anadanganywa, na uongo huo ndio mameneja wanaoutumia hasa! Mngeuonyesha kama uongo mngekuwa mmeokoa mtu. Mmeuacha ukapita kama kweli, na watoto walikuwa mle ndani wanasikia.

Mengine ni madogo lakini yananiuma kwa sababu niliwafundisha. Kiunzi mlichopigia picha ni cha wanaume, sentimita 91. Cha wanawake ni 76, ndiyo maana mwigizaji wenu anakipanda kama ngazi. Mursik yenu ni nyeupe pe, haina hata chembe ya mkaa. Mama yangu akiona maziwa yale angewauliza kibuyu kimesuguliwa na nini, sabuni? Na baada ya ruka la maji kamera inashuka karibu kabisa na miguu yake, viatu ni vikavu. Vikavu! Mtu anaruka maji mara 7 katika mbio moja. Ukifika ruka la tatu, soksi inateleza, kila hatua inatoa sauti kama chura, na mzunguko wa mwisho unakimbia ukiwa umebeba kilo ya maji miguuni. Sauti ile niliwaigizia kwa mdomo, wakacheka, wakaandika.

Kijana wa sauti nilimpata mlangoni baada ya filamu, nikamuuliza. Akasema, "Kocha, tuelewe, sisi ni filamu huru, hatukuwa na bajeti." Nikamuuliza kumpiga picha mtu akimaliza wa nne kunagharimu kiasi gani zaidi ya akimaliza wa kwanza. Akatazama simu yake. Maana mlikuwa na pesa za kutosha kwa uwanja wa ndege, bendera na umati. Matatu ya usiku na mfuko wa karatasi ndivyo vilivyowashinda?

NYONGEZA, saa mbili usiku: Kuna ndugu ameandika hapo chini kwamba nina wivu kwa sababu sikushinda, na kwamba filamu ni ya kutia watu moyo. Ndugu, moyo ninao. Kila Jumanne saa kumi na mbili asubuhi niko uwanjani na wasichana 11, bila mshahara. Wawili kati yao walikuja kwangu Jumapili, siku moja baada ya filamu. Mmoja ana miaka 19 na amepigiwa simu na meneja tangu Machi. Akaniuliza, "Kocha, nikikataa nitashinda kama yule?" Nilikaa naye kwenye jiwe hadi jua likapanda, na sikuwa na jibu la kumpa ambalo halitamvunja. Yeye ndiye aliyenifanya niandike hapa. Wewe ukitaka kuita huo wivu, ita.

Kwa mwelekezi, kwa sababu najua unasoma. Mwishoni kwenye shukrani za pekee umeandika jina langu kamili, na kijiji. Litoe. Usiniambie haiwezekani, tarehe ya maonyesho ya Nairobi bado, na mashine mliyotumia kuliweka ndiyo itakayolitoa. Ile sentensi ya baba itoe pia. Aliniambia mimi, sikuwapa ruhusa mumpe mwigizaji, niliwapa muielewe.

Na vile viatu vya spaiki mlivyoazima kwangu siku ya pili, vya buluu, vyenye kamba moja nyeupe na moja ya manjano. Vimeonekana kwenye skrini futi sita kwa futi nne, vikavu. Hivyo ndivyo nilivyokimbia navyo Nyayo. Mlisema mtavirudisha Ijumaa ile. Vileteni.