Mjadala: Je, programu za kompyuta ziingie katika darsa za tafsiri ya Kurani vyuoni mwetu?

Mtoa mada, Mjini Unguja:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Katika chuo ninachosomesha, wazee wa kamati wamelikataa ombi langu la kuweka kompyuta moja kwa ajili ya wanafunzi wakubwa wa tafsiri, kwa hoja kwamba elimu ya Kitabu hupokewa kinywani mwa mwalimu. Naiheshimu hoja hiyo, nami nimesomeshwa hivyo hivyo, lakini naona inachanganya mambo mawili. Kisomo hakina njia ila kukaa mbele ya mwalimu, kwani mtoto anayetamka kafu mahali pa qafu huugeuza moyo, qalb, ukawa mbwa, kalb, na kosa hilo hulisikia yule aliyewahi kusahihishwa yeye mwenyewe. Kuitafuta aya ni kazi nyingine. Kabla ya kompyuta, wanachuoni walitumia fahirisi ya maneno ya Kurani aliyoipanga Muhammad Fuad Abdul-Baqi wa Misri kwa mizizi ya Kiarabu, wala sijasikia mtu akiilaumu.

Chukueni mzizi wa swad, ba na ra, uliotupa neno letu subira. Katika hazina ya Kurani ya kwenye kompyuta iliyotayarishwa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kila neno limeonyeshwa mzizi na umbo lake la nahau, na mzizi huu hutokea mara 103. Mwanafunzi anayefika aya ya 200 ya Sura Aal Imran huona kwamba isbiru na sabiru zimefuatana kwa maumbo mawili tofauti ya kitenzi, akauliza kwa nini, na swali hilo ndilo ninalolitaka darsani. Anayetafuta katika tafsiri pekee, iwe ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyochapishwa kamili mwaka 1969 au ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, wote wana wa visiwa hivi, anatafuta maneno aliyoyachagua mfasiri.

Mchangiaji, Wete, Pemba:

Wa alaykumu ssalaam, maalim. Kompyuta yenyewe siipingi. Ninachokiogopa ni hesabu kufanywa elimu. Ramadhani iliyopita kijana mmoja alisimama msikitini kwetu baada ya sala ya Alasiri, akatuambia kwamba Mwenyezi Mungu amewasifu wenye kusubiri mara 103. Lakini ndani ya hesabu hiyo imo aya ya 175 ya Suratul Baqara, inayostaajabia jinsi walionunua upotofu watakavyouvumilia Moto. Imo aya ya 6 ya Sura Sad, ambamo wakuu wa makafiri wanahimizana kushikamana na miungu yao. Na imo aya ya 16 ya Suratut Tur, ambamo watu wa Motoni wanaambiwa wastahamili au wasistahamili, kwao ni mamoja. Zote ni za mzizi ule ule, na hapana hata moja yenye sifa njema. Kijana huyu angesoma aya kwa aya mbele ya mwalimu, angezikuta mahali pake, pamoja na iliyotangulia na inayofuata, wala asingethubutu kusema vile. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mwanafunzi asiguse programu kabla hajasoma nahau na kumaliza juzuu kumi za tafsiri.

Mtoa mada:

Mfano huo ni mzito, maalim, na sharti la nahau nalikubali bila ya mjadala. Hata hivyo, yule kijana hakukosea darsani. Bila shaka alitafuta peke yake, pengine kwa simu, na simu hizo hatuwezi kuwapokonya. Tukiifungia programu nje ya chuo, wataendelea kuitumia mahali ambapo hatupo. Ningependa orodha hiyo hiyo ya 103 ifunguliwe mbele ya mwalimu, na wanafunzi, kila mmoja na msahafu wake, wapewe kazi ya kutenganisha mahali subira inaposifiwa na mahali isiposifiwa, wakisoma aya kadhaa za kabla na za baada. Kazi hiyo inaweza kuchukua mwezi mzima, na sioni hasara.

Sharti la juzuu kumi bado ni gumu kwangu, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wangu huacha chuo wanapomaliza skuli, wakiwa hawajafika huko. Walimu wa tafsiri mlioko Micheweni, Mkoani na Makunduchi, nyinyi mnaonaje kuhusu kiwango hicho?