Tupeane uzoefu: walimu tuliojitolea kurudisha shule baada ya volkano na mafuriko

Mwanzilishi wa mada, mwalimu wa darasa la sita, Goma

Ndugu walimu wa Goma, Bukavu na vijiji vyote vya kando ya Ziwa Kivu, ninaomba kila aliyewahi kujitolea kufundisha baada ya maafa aeleze hapa alichokifanya, kilichofaa na kisichofaa. Misaada ya mabati na mbao husimuliwa mara nyingi. Kazi ya mwalimu anayefika kabla ya mabati hayo haisimuliwi, nami naamini ndiyo inayoamua kama watoto watarudi shuleni au watapotea.

Nianze mwenyewe. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava ilishuka upande wa Buhene, ikaikata barabara ya Rutshuru na kufunika nyumba na shule, kisha ikasimama pembezoni mwa mji. Tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama, kwa hofu kwamba lava ingeweza kupasuka chini ya mji au chini ya ziwa, na watu wakatawanyika Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Waliporudi mwezi Juni, wanafunzi wa shule zilizofunikwa hawakuwa na pa kwenda, na wale wa darasa la sita walikuwa wanangojea mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi.

Nilijiunga na walimu wa shule mojawapo iliyopotea. Nilidhani nitapewa chaki na darasa. Badala yake niliwekwa mezani, chini ya turubai, niandike upya daftari la mahudhurio, kwa sababu lile la zamani liliungua pamoja na ofisi. Wazazi walipanga mstari. Baba mmoja alitoa karatasi ya matokeo ya bintiye aliyoikunja ndani ya kadi yake ya kura, kwa kuwa alipokimbia alichukua vile tu alivyoviona kuwa ni uthibitisho wa watu wake. Mama mwingine hakuwa na karatasi yoyote, ila alitaja mwaka, darasa, mwalimu na hata kiti alichokalia mwanawe, na jirani zake wakathibitisha. Tuliandika kila jina mara mbili, nakala moja ikabaki kwa mkurugenzi wa shule na nyingine ikahifadhiwa mbali na hapo. Kazi hiyo ndiyo iliyowawezesha watoto kutambuliwa na shule iliyokubali kutupokea, ambako wenyeji walisoma asubuhi nasi tukasoma mchana.

Darasani nilikuta jambo jingine. Baada ya mlipuko ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi, na watoto walikuwa wamejifunza kukimbia. Lori zito likipita barabarani, madawati yalisukumwa na nusu ya darasa ilikuwa mlangoni. Kuwakaripia hakukusaidia. Tulichofanya ni kuwafundisha kutoka nje wakiwa kwenye safu, anayekaa karibu na mlango akitangulia, na kuwaeleza katika somo la sayansi jinsi mtetemeko wa ardhi unavyotofautiana na mngurumo wa gari. Walipojua kwamba ruhusa ya kutoka ipo, hofu ya kubanwa ndani ilipungua, na hesabu ikaendelea.

Mwalimu mstaafu, Bukavu

Mwalimu mwenzangu, nakushukuru kwa kuanzisha mada hii, lakini kuhusu daftari ninaomba nitoe tahadhari. Nilikwenda Kalehe baada ya mafuriko ya Mei 2023. Mnakumbuka kwamba tarehe 4, siku ya Alhamisi, ambayo ni siku ya soko huko Nyamukubi, mvua kubwa ilijaza mito, maji yakateremsha matope na mawe makubwa kutoka milimani hadi Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafariki, huku wengine wengi wasipatikane. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo wanafunzi, wazazi na walimu.

Huko daftari la zamani lilikuwepo, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mwalimu kijana aliyetoka mjini kwa moyo mwema alilifungua siku ya kwanza na kuanza kuita majina. Kila jina lisiloitikiwa lilifuatwa na kimya, kisha mtoto mmoja akaanza kueleza mwenzake alikopatikana. Darasa halikuendelea siku ile. Baadaye tulikubaliana na mkurugenzi kwamba majina yakaguliwe kwanza nyumbani na kambini, pamoja na chifu wa kijiji na wazee, daftari jipya liandikwe nje ya darasa, na ndani yaitwe majina ya waliopo tu. Waliofariki walikumbukwa kwa sala siku nyingine, wazazi wakiwepo.

Jambo la pili ni lugha. Watoto wa darasa la kwanza huko huzungumza Kihavu nyumbani. Mtu aliyetoka Bukavu na Kiswahili chake na Kifaransa chake alikuwa mgeni mbele ya mtoto aliyepoteza ndugu. Kwa hiyo wadogo waliachiwa mwalimu wa kijiji, naye mgeni akachukua darasa la tano na la sita. Ninaona mpango huu ulikuwa wa haki, ingawa baadhi ya waliojitolea walitamani sana kuwa na wadogo.

Mwalimu wa chekechea, Goma, upande wa barabara ya Sake

Nitasema kwa ufupi. Anayetafuta uwanja wa kuweka darasa la muda upande wetu asichague bonde eti kwa sababu ni tambarare na halina mawe. Mazuku hukaa mahali kama hapo: ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na hujikusanya chini hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtoto mfupi huivuta kabla ya mtu mzima. Sisi tulikuwa tumekwisha kusimamisha nguzo. Mama mmoja jirani alikuja kutuambia kwamba mbuzi wake wawili walifia pale. Tulihamia juu, penye mawe makali, tukayavunja kwa nyundo pamoja na wazazi. Waulizeni wenyeji, na waulizeni pia wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano hapa Goma.

Mwalimu wa shule ya msingi, Goma

Wazee na mama zangu, nawaheshimu, lakini kuna jambo ambalo bado halijasemwa. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, wengi wetu ambao hatujaingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali tumebaki bila hata ule mchango wa wazazi. Baada ya mlipuko, shirika moja lililokuja kutusaidia liliwapa posho ya kila siku waliojitolea kutoka nje, wakati sisi tuliofundisha madarasa hayo hayo, na baadhi yetu nyumba zetu zimeungua, hatukupewa kitu. Sikuwachukia wageni wale. Walifanya kazi kwa bidii. Lakini wazazi walipoona mgeni analipwa huku mwalimu wao hapati kitu, walianza kuuliza kama sisi ni walimu kweli.

Mwanzilishi wa mada

Ndugu yangu, umesema kweli, na nisingependa jambo hili lipite. Mzee wa Bukavu, nimepokea pia tahadhari yako: kwetu wazazi ndio waliotamka majina, tena nje ya darasa, na sasa ninaelewa kwa nini haikuleta madhara.

Kuhusu posho, tulichokubaliana sisi wa upande wa Buhene ni kwamba anayejitolea aonane kwanza na mkurugenzi na kuuliza ni nani anayefundisha darasa hilo sasa, kisha ashike vipindi ambavyo mwalimu huyo anavihitaji ili akapange mstari wa maji au akajenge upya kibanda chake, huku mwalimu huyo akibaki kuwa mwenye darasa. Kikija kitu chochote, kiwe unga, posho au daftari, kipitie kwa mkurugenzi mbele ya kamati ya wazazi, na mwenyeji ahesabiwe kwanza. Mliofanya vingine, tafadhali andikeni hapa.