MJADALA: Dawa za mitishamba zenye saponini, zipimwe kabla ya kuuzwa?

Wakuu, naanzisha. Kuna imani kwamba dawa ya mizizi ikitikiswa ikatoa povu zito, hiyo ndiyo yenye nguvu; na kwa kuwa ni mti tu, vipimo vya nini? Mimi nakataa yote mawili. Povu ni kazi ya saponini, kemikali iliyomo ndani ya mimea mingi: upande wake mmoja ni sukari, hushika maji, na mwingine hushika mafuta, sawasawa na sabuni. Povu linasema saponini imo. Halisemi ni ipi. Likorisi, mmea wa mizizi mitamu, ina saponini iitwayo glisirizini, tamu kuliko sukari. Mtu akiitumia kwa wingi kwa muda mrefu, potasiamu hushuka mwilini, shinikizo la damu hupanda, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kwa hiyo nasema kila pakiti iandikwe kiasi cha saponini. Mnasemaje?

— Mkuu, unatisha watu bure. Hata soya ina saponini. Tumboni hufyonzwa kidogo sana. Zinapasua chembe nyekundu za damu zikiingia kwenye damu moja kwa moja. Ndiyo maana wavuvi wa zamani walimwaga mimea hiyo majini, samaki wakalewa kwa kuwa sumu huwaingilia kwenye matamvua, na waliowala hawakudhurika.

— Wote mmegusa nusu. QS-21, saponini ya magome ya mti wa Chile uitwao Quillaja saponaria, imo katika RTS,S, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Inaamsha kinga ya mwili. Ila pale imesafishwa, na dozi moja ni mikrogramu 25. Mkono wa mganga hauwezi kukadiria hivyo. Halafu wewe mwanzisha mada, “kiasi cha saponini” kitatusaidia nini? Soya na likorisi zinaweza kupata namba ileile! Iandikwe glisirizini ni kiasi gani, basi.

— Hapo umenibana. Nafuta jumla, nabaki na kiungo chenyewe kwa jina lake.

— Sawa, na maabara italipwa na nani? Muuza mizizi mdogo hana hela hiyo. Mkipitisha sheria hii kesho, kampuni kubwa zitabaki sokoni, na yeye atauzia uchochoroni bila hata jina la mti.

— Basi tuanze na ile michache inayojulikana kudhuru, likorisi ikiwa ya kwanza. Mingine iandikwe walau jina la mmea na sehemu iliyotumika.