Ushauri: Mama ana saratani ya damu na figo zimeshuka, tuuze mikorosho tumpeleke India?

Kijana wa Masasi: Habari za jioni wadau. Mama yangu alianza kuumwa kiuno, tukadhani ni uchovu wa jembe. Amepimwa Dar, ni mayeloma, saratani inayoanzia kwenye uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kreatinini, kipimo cha figo, imepanda hadi 310, na miguu imevimba. Daktari ametaja kupandikizwa seli shina, yaani seli mama zinazozaa damu, ila figo kwanza. Mjomba, ndiye msemaji wa ukoo, ameitisha kikao Jumapili: shamba liuzwe kabla ya msimu, mama aende India haraka. Wengine wanasema mwenye figo mbovu hapandikizwi, tutakosa shamba na mgonjwa. Naombeni mwongozo.

Bi Shangani: Pole mwanangu. Mungu ampe mama shifaa.

Nesi wa Zamu: Pole mdogo wangu, nimewahudumia wagonjwa hawa. Kwanza, kupandikiza huko hakuna kisu. Anachomwa sindano zinazosukuma seli shina ziingie kwenye damu, mashine inazivuna, zinagandishwa. Kisha anapewa melfalani, dawa kali inayofagia uloto, halafu anarudishiwa seli zake mwenyewe kwa dripu. Wiki kama mbili kinga inakuwa chini kabisa, na hapo ndipo pagumu.

Figo kushuka peke yake si sababu ya kumkatalia. Hata wanaosafishwa damu wamepandikizwa. Ila melfalani hupunguzwa, kutoka miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili hadi 140, maana vidonda vya mdomo na maambukizi huwaelemea zaidi.

Sasa shamba. Mayeloma ndiyo inayoziba hizo figo, kwa protini inazomwaga kwenye damu. Tiba inaanza na dawa, miezi kadhaa, na mojawapo, bortezomibu, haipunguzwi kwa ajili ya figo. Protini zikishuka, figo za wengi hupata nafuu. Akienda India leo ataanzia dawa hizo hizo. Msiuze kwanza.

Mzee wa Mnada: Pale Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma si wanapandikiza?

Nesi wa Zamu: Walianza 2023 na watoto wenye selimundu, kwa uloto wa ndugu. Ya mama ni aina nyingine, ya seli zake mwenyewe, mzee wangu. Daktari wake aulizwe kabla ya kufunga safari.

Binti Newala: Kiuno kikimsumbua asinunuliwe diklofenaki wala ibuprofeni, zinaumiza figo. Na mitishamba muiweke kando, nawaomba sana. Maji anywe kwa kiasi atakachopangiwa na daktari, hasa na huo uvimbe.

Kijana wa Masasi: Asanteni mno. Dada nesi, maneno yako nitayasoma kikaoni. Daktari nimuulize nini?

Nesi wa Zamu: Dawa zinaanza lini, na protini zishuke kiasi gani ndipo azungumzie kupandikiza. Hilo la kwanza muulize kesho asubuhi, usisubiri Jumapili. Figo zikizibwa muda mrefu huenda zisirudi.

Kijana wa Masasi: Sawa dada, asubuhi nampigia.