Besiboli pwani Sikukuu pili: Jambiani au Nungwi?

KipangaNgambo
Assalaam alaykum. Tunataka kuwapeleka vijana 16 pwani Sikukuu pili ya Idi el-Fitri, wacheze besiboli na waogelee siku hiyo hiyo. Tunatoka mjini Unguja. Tuna gongo moja, glavu nne na mipira miwili ya ngozi. Jambiani au Nungwi? Tuanze saa ngapi, na uwanja unapimwaje mchangani?

BamvuaNaMajiMafu
Waalaykum salaam. Tazama mwezi kwanza. Sikukuu pili ni mwezi pili Shawwal, kwa hiyo maji ni ya bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Siku kama hiyo maji hupwa kabisa baina ya saa tano na nusu na saa sita mchana, na hujaa karibu saa kumi na mbili jioni. Hakikisha kwenye jedwali la maji la Zanzibar, maana saa husogea kila siku.

Kwa hivyo nendeni Jambiani. Kule maji yakipwa hukimbia hadi karibu na mwamba, na mchanga uliobaki ni mbichi, mgumu, mpira unadunda. Nungwi na Kendwa, jirani yake, ni pazuri kwa kuogelea saa yoyote, lakini mchanga mgumu ni mwembamba. Vijana 16 hawaenei na watalii wanapita katikati.

Anzeni saa tatu na nusu, malizeni saa sita. Adhuhuri mnaswali, mnakula, na kuanzia saa tisa maji yameshasogea ufukweni, waogelee.

Jambo moja lishikeni sana. Maji hayapandi sawasawa. Gawa kupanda kwake mafungu 12: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani saa ya tatu na ya nne yanapanda karibu mita nzima kila saa. Tena yanaanza kujaza mabonde yaliyo nyuma yenu, upande wa nchi kavu, na anayechungulia baharini tu hayaoni. Kijana aliyefuata mpira mbali ndiye anayezungukwa. Saa sita na nusu asibaki mtu kule.

MpimaKamba
Uwanja kamili una mita 27.4 kutoka besi hadi besi (vituo vinne anavyokimbilia mchezaji), na mrushaji husimama mita 18.44 kutoka nyumbani, yaani besi ya mpigaji. Kwa vijana mchangani ni mkubwa mno. Tumieni mita 18, na mrushaji mita 12, arushe kwa mkono unaotokea chini.

Kupima hakuhitaji fundi. Chukua kamba ya mita 36, funga fundo katikati. Ncha moja ikae nyumbani, ncha ya pili ikae besi ya pili, na baina ya ncha hizo iwe mita 25.5. Ukitazama kutoka nyumbani, vuta fundo kulia mpaka kamba ikaze pande zote mbili: hapo ndipo besi ya kwanza. Livute kushoto, ni ya tatu. Pembe zinatoka sawa bila ya kukisia.

Besi zenyewe ni viroba vya unga vitupu, tia mchanga nusu, funga, chimbia hadi kiroba kilingane na ardhi. Kikiinuka, anayeteleza hukinasia mguu na kifundo kinateguka. Vifuu na mawe hapana kabisa.

Elekezeni mchezo sambamba na ufukwe, si kuelekea baharini. Upande wa bahari kuna mashamba ya mwani, na vigingi vyake vimechomoza kidogo tu juu ya mchanga. Hupasua mguu, na kamba za watu zikikatwa ni hasara yao. Wakina mama wanapita hapo kwenda mwanini na kutafuta pweza, njia yao iachwe wazi. Siku moja kabla, mwoneni sheha wa shehia, mumwambie mko wangapi na mtakuwa wapi.

MkerezaMbao
Mipira ya ngozi iacheni nyumbani. Maji ya chumvi yanaingia ndani, mpira unakuwa mzito, halafu nyuzi zinaoza. Chukueni mipira ya tenisi sita. Ukilowa mmoja wekeni juani, chezeni mwengine. Kwa mpira huo hata asiye na glavu anadaka bila ya kuumia.

Gongo litazameni kabla ya kuondoka. Nyuzi za mbao ziwe zimenyooka kutoka kitako hadi ncha. Zikikatisha ubavuni litavunjika hapo hapo. Mkikerezesha jengine, sentimita 80 zinatosha, unene usizidi 6.6. Msikubali mvinje mbichi, ukikauka unapasuka.

Mshiko ndio wenye hatari kubwa kuliko yote. Mkono wenye jasho, maji na mafuta ya jua hauzuii kitu, na gongo likitoka huruka kama shoka. Kateni tyubu ya baiskeli utepe wa vidole viwili, zungushieni kwa kuvuta kutoka kitakoni kwenda juu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Wanaongoja zamu wakae mita 10 nyuma.

KipangaNgambo
Ahsanteni sana, Mungu akulipeni. Je, Idi ya kuchinja ratiba hii hii inafaa?

BamvuaNaMajiMafu
Haifai, ndugu yangu. Ile ni mwezi 10 Dhulhija, maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye mafu, yaani siku ambazo hayajai wala hayapwi sana. Karibu na saa tano au sita mchana yamejaa, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali. Siku hiyo waogelee asubuhi.

MpimaKamba
Na kwa siku hiyo chezeni Baseball5 kwenye uwanja wa skuli. Ni wachezaji watano kwa watano, awamu tano, besi mita 13, mpira wa raba unapigwa kwa kiganja, hakuna gongo wala glavu. Shirikisho la besiboli la dunia liliuanzisha 2018, na umo kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Wasichana wanaocheza nage wataushika haraka, mikono yao imeshazoea kurusha.

Kwa Jambiani msisahau viatu vyepesi vya raba kwa kila kijana, na lita 2 hadi 3 za maji ya kunywa kwa kichwa. Deli la barafu liwekeni juu penye minazi, si mchangani.