Kamisheni kala yeye, faini nimelipa mimi

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa, usingizi hauji. Nimeona bora niliweke hadharani kabla mwingine hajatumbukia shimo lile lile.

Nina karakana ndogo ya kushona, mafundi wawili na mimi mwenyewe. Miaka minne iliyopita alinijia mtu akajitambulisha kuwa ni mshauri wa kodi na akiba ya uzeeni. Alikaa kwenye stuli pembeni ya meza ya kukatia, akafungua kabrasha lake, akaniuliza: "Siku macho yakishindwa kutunga uzi kwenye sindano, utakula nini?" Lilinichoma. Mtu uliyejiajiri huna bosi wa kukuchangia, huna kiinua mgongo. Nilisaini siku hiyo hiyo. Sijutii kutaka kuweka akiba, na tafadhali asije mtu hapa kuniambia akiba za uzeeni ni utapeli mtupu. Ninachokasirikia ni namna nilivyoelekezwa.

Aliniambia michango yote niiingize kwenye vitabu kama matumizi ya biashara, yangu na ya mafundi, fungu moja. "Faida inashuka, kodi inashuka," akasema, akapiga mistari miwili chini ya neno MATUMIZI. Karatasi ile ninayo mpaka leo, na mwandiko ni wake.

Mwaka huu hesabu zangu zikakaguliwa. Afisa aliyekuja ni mama mmoja mpole, hana makelele. Alishuka na kalamu yake mstari kwa mstari mpaka kwenye michango, akasimama. "Una wafanyakazi wangapi?" Wawili. "Mbona hapa kuna michango ya watu watatu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilipaswa kuambiwa siku ya kwanza. Mchango unaomlipia mfanyakazi ni gharama ya biashara, kama ulivyo mshahara wake. Lakini mimi si mfanyakazi wa karakana yangu. Sijasajili kampuni, kwa hiyo mbele ya kodi mimi na biashara ni mtu mmoja. Ninachojiwekea ni pesa yangu binafsi, na nafuu yake ya kodi naidai kwenye ritani yangu binafsi, yaani fomu ya mapato ninayopeleka kwa watu wa kodi, tena kwa kikomo chake. Ningekuwa na kampuni, mambo yangekuwa tofauti, maana kampuni kisheria ni mtu mwingine. Sasa mshauri wa kodi ambaye hata hajakuuliza kama una kampuni au huna, anakushauri kitu gani?

Miaka mitatu ya hesabu ikafumuliwa yote. Kodi niliyokuwa nimelipa pungufu, riba juu yake, na faini juu ya hapo. Nimempigia simu, akanijibu: "Mimi niko upande wa akiba, mambo ya kodi muone mhasibu." Kadi aliyoniachia imeandikwa neno kodi kwa herufi nene kuliko jina lake!

Basi nikaenda kwa mhasibu kweli, nikalipa, tukakaa na makaratasi. Yakafumuka mengine. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nimetoka kununua cherehani, faida ilikuwa ndogo kiasi kwamba sikuwa na kodi ya mapato ya kulipa. Nafuu ya kodi juu ya sifuri ni sifuri. Na kibaya zaidi, kwenye akiba ya aina hii kodi haijasamehewa, imeahirishwa tu: hukatwi unapoingiza, unakatwa unapotoa. Ukiingiza pesa katika mwaka ambao hudaiwi chochote, kisha ukaja kukatwa uzeeni, umejitafutia kodi ambayo hukuwa nayo. Kwa mtu ambaye kipato chake bado ni kidogo na anatarajia kitapanda, mara nyingi inafaa zaidi akiba inayotozwa kodi leo na kutolewa bila kodi baadaye, pale sheria inapoiruhusu. Mimi hata sikuambiwa kwamba kuna aina mbili.

Mchango wenyewe yule mshauri aliukokotoa kwa mauzo, kabla ya kutoa gharama, si kwa faida. Kila awamu ya kodi ilipofika nilikuta akaunti imeshakombwa.

Halafu ada. Wakuu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Chukua mtu anayeweka 100 kila mwezi kwa miaka 30. Jumla ametoa mfukoni 36,000. Akiba ikikua kwa 6% kwa mwaka, anamaliza na kama 100,450. Ada ikila 2% kila mwaka, ukuaji ukabaki 4%, anamaliza na kama 69,400. Hiyo "asilimia mbili tu" aliyoniambia kwa sauti ya chini imemeza karibu thuluthi ya uzee wa mtu. Kwenye taarifa yangu kuna safu mbili, michango niliyolipa na thamani nikivunja mkataba leo. Baada ya miaka minne ya pili bado ni ndogo kuliko ya kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya michango ya mwanzo ilikwenda kwenye kamisheni yake. Hilo lipo kwenye mkataba, ukurasa wa nyuma, kwa maandishi ambayo nilihitaji miwani ya kutungia uzi kuyasoma.

Ndiyo maana nakataa kuambiwa ni uzembe wangu. Kuna nchi zimeliona tatizo hili zikalishughulikia. Uingereza ilipiga marufuku washauri kulipwa kamisheni na kampuni za uwekezaji na pensheni kuanzia mwisho wa Desemba 2012, Australia ikafuata na sheria yake mwaka 2013. Mshauri anayelipwa na muuzaji atakushauri ununue. Alikuwa anajua ni karatasi ipi inamlipa, na ndiyo aliyonisainisha.

Mafundi wangu wawili michango yao iko salama, hilo nimelihakikisha kwa macho yangu, risiti kwa risiti. Yangu nimesimamisha. Sijavunja mkataba, maana kuvunja kuna makato yake na kodi juu, na mhasibu anasema nisifanye kwa hasira.

Naandaa barua ya kudai kwa kampuni iliyomtuma, na ile karatasi yenye mistari miwili naiambatanisha, nakala, siyo halisi. Kama kuna aliyewahi kudai hasara iliyotokana na ushauri wa namna hii na akalipwa, naomba anieleze: alidai kwa kampuni, kwa msimamizi wa mifuko ya pensheni, au alikwenda moja kwa moja mahakamani? Na je, faini ya kodi waliihesabu kama sehemu ya hasara?